Barua kwa Elieza: wake sita wa mfalme na beti nne zisizo na maneno

London, Jumapili jioni

Elieza ndugu yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya shemeji tu, maana namsikia kwa nyuma akikuita uje ule kabla ugali haujapoa. Msalimie sana. Mama yako mpe shikamoo yangu, mwambie ile dawa ya magoti sijaisahau.

Sasa nije kwenye neno lako, kwa sababu nimekaa nalo wiki nzima. Ulisema muziki wa vyombo vitupu ni mchuzi usiotiwa chumvi, kwamba mtu akipiga kinanda dakika tano pasipo mwimbaji kufungua kinywa, wewe unaanza kutazama saa. Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe, na hata wewe mwenyewe sidhani kama unakubaliana nalo. Nitakuambia kwa nini, lakini acha kwanza nikueleze nilichokuwa nikisikiliza.

Mwezi uliopita, nikitoka kazini asubuhi baada ya zamu ya usiku, nilipita kwenye duka la mitumba karibu na kituo cha basi. Chini ya rafu ya vitabu kuna kasha la santuri kuukuu. Nikainua moja yenye picha ya mwanamume mwenye nywele ndefu za rangi ya majani makavu, akipita mbele ya wanawake waliovaa mavazi ya kale. Jina la santuri ni The Six Wives of Henry VIII, mpigaji ni Rick Wakeman, mwaka ni 1973. Nilitoa pauni nne. Wale wanawake kumbe ni masanamu ya nta ya jumba la maonyesho la Madame Tussauds, na ukitazama vizuri kwa nyuma utamwona Rais Nixon wa Marekani naye amesimama, kwa kuwa pazia halikufungwa sawasawa siku ya kupiga picha.

Santuri nzima ina nyimbo sita, kama dakika thelathini na sita hivi, na kila wimbo umepewa jina la mke mmoja wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Maneno hakuna. Mara moja moja zinapita sauti za wanawake, lakini ni "aa" tu, kama soprano zetu wakipasha sauti kabla ya ibada.

Huo ndio muziki ambao Waingereza wanauita roki ya progresivu. Vijana wa miaka ile walichoshwa na wimbo wa dakika tatu wenye kiitikio, wakaenda kuazima kwa watunzi wa kale wa Ulaya, akina Bach na wenzake: vipande virefu, mada inayopotea kisha ikarudi imebadilika sura, kinanda kinachojibizana na gitaa. Halafu vyote hivyo wakavitandika juu ya dramu na besi. Wakati mwingine walizidisha, hilo nakubali. Huyu Wakeman alikuwa na haki ya kuazima, maana alisomea piano katika Chuo cha Kifalme cha Muziki hapa London, akaacha masomo mwaka 1969 kwa sababu studio zilikuwa zinamwita kila siku. Na wewe unamfahamu bila kujua. Ile piano inayofungua "Morning Has Broken" ya mwimbaji Cat Stevens ya mwaka 1971, ile uliyojifunza kwa sikio mpaka ukatuchosha bwenini, ni vidole vyake. Hebu fikiria. Miaka yote hii umekuwa ukimfuata mtu huyu noti kwa noti.

Kisa cha santuri yenyewe ni hiki. Alikuwa Marekani akizunguka na bendi yake ya roki, Yes, na katika kiwanja cha ndege akanunua kitabu kuhusu maisha ya Mfalme Henry. Akawa anakisoma ndani ya ndege, na alipofika kwa Anne Boleyn ukamjia wimbo kichwani. Akaona hapo ndipo penye njia: ampe kila mke muziki wake. Hakudai kwamba amepiga historia. Aliandika kwenye jalada kwamba hivi ndivyo yeye binafsi alivyowaona wanawake hao kupitia vinanda, hata kama mtindo hauendani na maisha yao. Nimependa ukweli huo. Hajifanyi mwalimu.

Vinanda vyake sasa, wewe mpiga kinanda. Alikuwa na piano kubwa ya Steinway, kinanda cha umeme cha Hammond, kinanda cha kale cha kudonoa nyuzi, na sinthesaiza mbili za Minimoog. Minimoog inatoa noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza vitufe vitatu, itakulilia kimoja. Wakeman husimulia kwamba ya kwanza aliinunua kwa bei ya chini kutoka kwa mwigizaji mmoja, Jack Wild, ambaye alidhani imeharibika kwa sababu haikubali kupiga chodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Lakini noti moja hiyo hiyo ndiyo inayomfanya apige kama mwimbaji, maana mwimbaji naye ana koo moja.

Kingine ni Mellotroni, na hiki nilikichunguza sana. Ndani yake, chini ya kila kitufe, kuna kipande cha utepe uliorekodiwa sauti halisi: fidla, filimbi, au kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea na sauti inatoka. Ila utepe wenyewe ni wa sekunde kama nane tu. Zikiisha, sauti inakatika, na lazima uachie kitufe ili utepe urudi mwanzo. Kwa hiyo mpigaji hana budi kupumua, Elieza. Nilipolijua hilo nilianza kusikia pumzi mahali ambapo kwanza nilisikia mashine.

Wimbo ulionikamata si wa kwanza. "Catherine of Aragon" ni mzuri, umejaa wenzake wa Yes, unakwenda mbio kisha unatulia kama mtu aliyekumbuka heshima yake. "Anne of Cleves" ulinishinda mwanzoni. Kila chombo kinasema lake, dramu haipoi, nikahisi nimesimama stendi ya kwetu Muheza siku ya gulio. Nauheshimu lakini siurudii. "Catherine Howard" unaanza kwa piano laini, ya msichana kabisa, na huyo alikuwa msichana kweli, akakatwa kichwa mwaka 1542. Humo ndani kuna hata banjo.

Ulionikamata ni "Jane Seymour," wa kwanza upande wa pili. Jane ndiye aliyemzalia mfalme mtoto wa kiume. Alijifungua tarehe 12 Oktoba 1537, akafariki tarehe 24, siku kumi na mbili tu. Wewe na mimi tunatoka mahali ambapo habari ya namna hiyo si ya wafalme peke yao. Wakeman hakumpa Jane piano ya machozi. Alikwenda kanisani, St Giles Cripplegate hapa London, akampigia kinanda kikubwa cha mabomba, kwa mtindo wa Bach, vidole vinakimbia juu na mabomba mazito yanaunguruma chini. Baadaye dramu inaingia na Moog inapiga kelele juu yake, lakini lile kanisa haliondoki. Unasikia ukubwa wa chumba. Unasikia kwamba huyu mwanamke ameachwa peke yake ndani ya jengo kubwa.

Jumatano nilikuwa na mapumziko, nikaenda kulitazama. Ni kanisa la kale, lilinusurika moto mkubwa wa mwaka 1666, likapigwa na mabomu mwaka 1940, likajengwa upya. Leo limezungukwa na maghorofa ya zege ya Barbican pande zote, kama bibi aliyekaa katikati ya wajukuu warefu. Nilifungua mlango nikitarajia kukuta kimya, kumbe kuna mtu juu anafanya mazoezi. Sikumwona uso, niliona mgongo na viatu tu. Alikuwa akirudia mstari mmoja wa miguu, ule wa pedali, anakosea pale pale, anaanza tena. Nikakaa benchi la nyuma. Kila alipofika noti ya chini kabisa, sikuisikia kwa masikio kwanza. Niliihisi kwenye mbao za benchi, chini ya mapaja, kisha ikapanda kifuani. Kitabu cha nyimbo kilichokuwa mbele yangu kilitetemeka kwenye kishikizo chake. Nilikaa karibu saa nzima. Hakuna aliyeimba hata neno, na sikutazama saa.

Basi, nilitaka kukuambia hasa wimbo wa tano, Anne Boleyn, yule aliyekatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536. Wakeman ameuandikia jina la pili: "The Day Thou Gavest Lord Hath Ended," yaani siku uliyotupa, Bwana, imekwisha. Umeshtuka? Nami nilishtuka, nilidhani ni jina tu. Wimbo unaenda na mambo yake, piano inaruka, dramu inasukuma, halafu karibu na mwisho vyote vinashuka, na wimbo wetu wa ibada ya jioni unakuja. Ule ule tuliouimba kwenye kanisa la shule kwa Kiingereza chetu cha kidato cha pili, wewe sauti ya tena, mimi besi isiyofika chini.

Mtu wa vitabu atasema hapo Wakeman amekosea, na kwa hesabu atakuwa sahihi. Maneno ya wimbo huo aliyaandika kasisi John Ellerton mwaka 1870, miaka zaidi ya mia tatu baada ya Anne kuuawa. Hangeweza kuusikia. Lakini kumbuka wimbo unasema nini: siku imekwisha hapa, na wakati sisi tunalala jua linawaamsha wengine mahali pengine, sala haikatiki kuizunguka dunia. Kumpa wimbo huo mwanamke ambaye siku yake ilikatwa asubuhi, na kumpa bila maneno, mimi naona amempa maziko ambayo mfalme hakumpa.

Na hapo nilipo, sebuleni, sindano ikiwa juu ya santuri, niliona Muheza. Niliona usiku wa kuamkia maziko ya mama yangu. Unakumbuka umeme ulikatika, ukageuza kile kinanda chako kidogo ukatia betri sita ulizomtuma mtoto dukani akazilete. Mchungaji akataja wimbo huu. Tukaanza. Ubeti wa kwanza soprano wakakatika katikati, dada yangu ndiye aliyekuwa akiwaongoza na alishindwa kuendelea. Alto wakanyamaza. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi na sikuwa naona maandishi. Ungeweza kuacha. Kila mtu alidhani utaacha. Wewe ukaendelea peke yako, ubeti wa pili, wa tatu, wa nne, hukuongeza mbwembwe wala hukuharakisha, na kwenye wa tano ukaondoa mkono wa kushoto ukabakiza sauti ya kwanza peke yake. Kulikuwa na watu labda sitini ndani ya uwanja ule na nilisikia taa ya chemli ikivuma. Mazishini watu walihubiri, walisoma wasifu, walitoa salamu za rambirambi kutoka kila ofisi. Sikumbuki neno hata moja. Zile beti nne ulizopiga ninazikumbuka zote.

Sikuwahi kukushukuru, maana sikujua namna ya kulisema. Nakushukuru sasa.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba muziki bila maneno haujakamilika. Nakuomba pia ufikirie jambo moja kuhusu kwaya yako. Ulilalamika kwamba vijana wanataka biti za kompyuta na wewe umebaki kubonyeza chodi mbili nyuma yao. Omba dakika nne kabla ya ibada, watu wakiwa bado wanaingia. Chukua wimbo mmoja wanaoujua wote, uupige peke yako, uubadilishe, uupoteze, uurudishe. Una mikono ya kufanya hivyo. Mwaka 2009, miaka mia tano tangu Henry atawazwe, Wakeman aliupiga muziki huu mbele ya kasri la Hampton Court, mtu anayekaribia miaka sitini. Wewe bado hujafika hapo, na Muheza ina uwanja wa kutosha.

Nimekutilia nyimbo zote sita kwenye flashi. Nimempa binti wa dada yangu, anatua Dar Alhamisi na atapanda basi la Tanga Ijumaa asubuhi, mtamkuta kwa mama mdogo. Usisikilizie kwenye simu. Unganisha na spika za kanisani siku ya mazoezi, wengine wakiwa hawajafika, na uongeze sauti kwenye wa nne ili usikie yale mabomba.

Ukifika wa tano, keti kwenye kinanda chako uutafute ule wimbo wa jioni. Mimi nimejaribu kuupata kwa kuimba na sikio langu limenidanganya mara tatu. Niandikie doh yake iko wapi.

Wako,
Samweli