Usiuache udongo nje ya picha

Nyakato, Mwanza

Swahiba wangu,

Habari za ugenini? Huku kwetu wote wazima. Kiangazi kimeshaingia, majani ya milimani yamekauka na upepo wa ziwani unatupiga vumbi tangu asubuhi. Mama yako nilimkuta sokoni Kirumba akinunua sato. Mzima kabisa, ila anasema umpigie Jumapili akishatoka kanisani, maana sauti yako ameikosa.

Sasa nije kwenye ile picha ya mti uliyonitumia. Niliitazama kwenye simu, kisha nikaifungua kwenye kompyuta ya studio ili niione vizuri. Msonobari mmoja mweusi tii, nyuma yake mbingu nyekundu ya magharibi. Ni nzuri, na wateja wangu wengi wangeilipia bila kuuliza. Lakini macho yangu yaliishia kwenye jua. Mti wenyewe sikuuona. Ukishaufanya kivuli, hata mgunga wa Serengeti jioni hutoka vilevile. Na kwa kuwa umesema Jumamosi unapanda tena White Mountains, ile milima ya huko California, nimeona nikuandikie kabla hujafunga begi.

Tangu ulipoitaja hiyo misonobari nimeisoma sana. Hiyo ndiyo Pinus longaeva, miti iliyoishi kuliko mti mwingine wowote uliowahi kuhesabiwa pete, yaani zile duara za ndani ya shina zinazoonyesha miaka yake. Huku kwetu paina tunaijua kwa mbao za kupaulia. Inatoka Mufindi, inakua haraka, inakatwa haijafika hata miaka 30, na usipoipaka dawa wadudu wanaimaliza. Hiyo ya kwenu ni ndugu yake, lakini inaweza kunenepa sentimita mbili na nusu tu kwa karne nzima. Ukuaji huo wa taratibu unaifanya mbao yake iwe nzito na iliyojaa utomvu, kiasi kwamba wadudu na kuvu hawaiwezi. Hata mti ukifa, unaweza kubaki umesimama miaka maelfu.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: mizee kuliko yote haiko mahali pazuri. Milima ya Sierra Nevada inazuia mawingu ya Pasifiki, kwa hiyo upande wenu unabaki mkavu, na mvua chache zinazofika nyingi ni theluji. Udongo ni wa dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa, mweupe, hauna rutuba, na mimea mingine mingi inaukimbia. Ndiyo maana msonobari ule hauna jirani wa kugombania naye maji, na chini yake hamna nyasi za kubeba moto kutoka mti hadi mti. Ule ukame unaouonea huruma ndio ulioulinda. Ukiukata udongo ule nje ya picha, umeniondolea nusu ya habari. Shusha kamera, piga magoti, anza na yale mawe meupe, mti uusogeze juu kidogo.

Halafu usogelee shina. Mizizi ya mti huu imegawana kazi: kila fungu linalisha upande wake wa shina. Fungu moja likifa, kwa ukame au kwa udongo kuondolewa na maji, gome la upande ule nalo linakufa na linabanduka, huku upande wa pili ukiendelea kana kwamba hakijatokea kitu. Miaka ikipita unakuta shina kubwa limebaki mbao tupu, limesuguliwa na upepo wenye barafu na mchanga hadi linang'aa, na ubavuni unapanda ukanda mmoja mwembamba wa gome hai mpaka kwenye matawi machache ya kijani. Utafute ukanda huo, uufuate kwa kidole toka ardhini hadi kwenye majani kabla hujashika kamera. Picha yako iko pale. Na majani yenyewe yaangalie: yamekaa matanomatano, na jani moja linaweza kudumu miaka 30 na zaidi bila kudondoka.

Mimi huku najifunzia kwenye mikuyu ya Capri Point. Unaikumbuka ile iliyoota juu ya majabali? Upo mmoja ambao mzizi wake umeingia kwenye ufa wa jiwe na kubapa kama mkanda wa ngozi, halafu unatokea upande wa pili mnene tena. Nikiupiga kwa mbali ni mti tu juu ya jiwe. Nikiinama, nikauweka ule ufa mbele, kila anayeiona picha ananiuliza mti ule unakunywa nini.

Kuhusu mwanga, una bahati kuliko mimi. Hapa tuko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, jua linapanda wima, na ikifika saa tatu asubuhi mawe yameshaanza kuungua kwenye picha. Kule uko karibu digrii 37 kaskazini. Jua linakwenda mshazari, na ule mwanga laini wa pembeni unakaa muda mrefu zaidi. Utumie wa asubuhi, uje kutoka ubavuni, mikunjo ya shina itajichora yenyewe. Ila jihadhari na udongo mweupe: kamera ikiuona itadhani mwanga umezidi na itakupa picha ya kijivu. Ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga na giza la picha. Polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokoleza anga, iache kwenye begi, maana juu ya mita 3,000 anga tayari ni la buluu nzito na ukiifunga litakuwa jeusi. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi inazinyonya.

Jambo jingine nakuomba sana. Usikanyage mizizi, wala usiokote hata kipande cha mbao kilicholala chini, kwa sababu vipande vile wataalamu huvisoma pete zake na kujua ukame wa maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 1964, katika jimbo la Nevada, mwanafunzi mtafiti Donald Currey alipewa kibali akaukata msonobari ulioitwa Prometheus. Walipohesabu pete zilizidi 4,800. Nikisoma habari hiyo bado naumia. Ule wa huko White Mountains unaoitwa Methuselah, ambao nao umepita miaka 4,800, wasimamizi wa msitu hawauwekei kibao, na nadhani wanafanya vema. Kwa hiyo picha zako zitumie bila kuonyesha mahali hasa ulipopigia. Simu yako inaandika mahali hapo yenyewe ndani ya picha, uzime uandishi huo kabla hujaanza kupanda.

Ukimaliza, usinitumie kwa WhatsApp kama ile ya kwanza, inabana picha na maganda yote yanakuwa ukungu. Weka faili halisi kwenye barua pepe. Nina karatasi nzuri ya kuchapia hapa studio, na ukuta wa mbele nimeuacha wazi makusudi. Nitaichapa kubwa, nitampelekea na mama nakala yake.

Wasalimie wenzako wote. Vaa nguo nzito, na maji ubebe ya kutosha, kule juu hamna bomba.

Swahiba wako wa Nyakato