Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeanzisha blogu Wete

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Huku Unguja sote hatujambo, alhamdulillah, na mamako ameniarifu kwamba nawe u mzima, ila siku hizi unalala na simu mkononi ukihesabu wageni wa blogu yako. Ameniambia pia kwamba kuna mtu amejitolea kukuuzia wageni elfu kumi kwa bei ya kutupa, na kwamba wenzako wanakushauri uandike zaidi habari za kushtua ili ukue haraka. Nimeamua kukujibu hadharani bila ya kukutaja jina, kwa sababu vijana wengi wa visiwa hivi wanaoandika mtandaoni wanasukumwa kwenye njia hizo hizo, na barua moja ikiwafaa watu wengi si hasara.

Kwanza nikueleze jambo ambalo wauza ushauri wa kukuza blogu hawatakuambia, kwa kuwa hawakai Wete. Hila nyingi wanazozifundisha zilibuniwa na watu wanaoandika kwa Kiingereza juu ya mambo ambayo maelfu ya wengine wanayaandika siku hiyo hiyo: namna ya kupunguza uzito, simu ipi ni bora, namna ya kupata fedha ukiwa nyumbani. Katika msongamano kama huo mtu huona kwamba asipofanya ujanja hataonekana. Wewe si mmoja wao. Unaandika kwa Kiswahili juu ya Pemba: namna karafuu zinavyochumwa na kuanikwa, popo wa Pemba wanaoonekana Kidike na ambao hawapatikani kwengine duniani ila kisiwani humo, magofu ya Pujini na visa vya Mkama Ndume, mtawala wake wa zamani, na mchezo wa ng'ombe. Mtu anayeyatafuta hayo kwa Kiswahili hukutana na mistari michache ambayo kila tovuti imeinakili kutoka kwa mwenziwe, mara nyingi pamoja na makosa yake. Huna umati wa kuupita kwa ujanja. Unachohitaji ni kuandika kile unachoweza kwenda kukiona kwa miguu yako na ambacho mwandishi wa mbali hawezi, na karibu kila njia mbaya ninayoitaja hapa ni mbaya kwa sababu inakupokonya hicho hicho.

Hao wageni elfu kumi wa kununua si wasomaji. Mara nyingi ni programu za kompyuta zinazofungua ukurasa na kuufunga, au vibarua wa mbali wanaolipwa kwa kubofya, bila ya kuijua hata lugha uliyoandikia. Hasara yake haiishii kwenye fedha uliyotoa. Leo ukiangalia takwimu zako unaona, tuseme, kwamba makala ya karafuu imesomwa na watu mia mbili na ile ya mashairi yako imesomwa na kumi na wawili, na hapo unajifunza jambo. Ukishamwaga wageni bandia juu yao, hujui tena ni nani aliyekuja kusoma wala ni nini kilichomleta. Na ikiwa unataraji siku moja kuweka matangazo, jua kwamba mpango wa AdSense wa Google unakataza waziwazi mwenye tovuti kubofya matangazo yake mwenyewe, kuwaomba wengine wayabofye, au kuleta wageni wa kununua wa namna hiyo. Akaunti hufungwa, na fedha zilizokwisha kukusanyika huweza kurudishwa kwa waliotangaza. Ile desturi ya kuandika katika kundi la ukoo "jamani nibofyeeni matangazo" inaonekana kama kusaidiana, lakini kwa kanuni hizo ni udanganyifu. Wafuasi wa kununua kwenye mitandao ya kijamii ni yale yale, sina haja ya kuyarudia.

Biashara ya viungo nayo ina historia yake; sisemi viungo vya pilau, bali vile vya kubofya vinavyompeleka msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwengine. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mwaka 1998 njia ya kuzipanga kurasa za intaneti kwa kuhesabu kila kiungo kinachotoka tovuti moja kwenda nyengine kuwa ni ushahidi, na ushahidi wa tovuti yenye heshima ukapewa uzito zaidi. Palipo na ushahidi wenye thamani, mashahidi wa kununuliwa hawakosekani. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, J.C. Penney, ilikuwa ikitokea juu kabisa katika utafutaji wa Google kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusiana nayo kwa lolote, Google ikaiteremsha. Aprili 2012 yakaja mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, ambayo yalilenga hasa viungo vya namna hiyo. Ikiwa kampuni yenye mawakili na mafundi haikusalimika, sioni blogu ya Wete itasalimika vipi. Kwenda kuacha maoni katika blogu za watu, "makala nzuri sana, pitia na kwangu", ni unyonge wa aina hiyo hiyo na hata faida hauna, kwa sababu tangu mwaka 2005 ipo alama inayotiwa kwenye viungo vya maoni ili injini ya kutafutia isivihesabu. Mwalimu mmoja wa skuli akiwaelekeza wanafunzi wake kwenye makala yako ya Pujini, huo ni ushahidi wa kweli, nao haununuliki.

Kwenye kunakili nitakawia kidogo, maana haya ndiyo maradhi makubwa ya blogu zetu. Ndesanjo Macha alipofungua Jikomboe mwaka 2004, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, jambo lililowavuta watu lilikuwa sauti ya mtu anayefikiri kwa lugha yake. Leo fungua blogu kumi za habari, utaikuta taarifa ile ile ya ofisi ya serikali, neno kwa neno, na picha ile ile ya viongozi wakikata utepe. Injini ya kutafutia ikikuta maandishi yaliyofanana mahali kumi, kwa kawaida humwonyesha msomaji mahali pamoja tu, na aliyenakili wa kumi na moja hana sababu ya kudhani kwamba atachaguliwa yeye. Chini ya picha hukosi kusoma maneno "picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao haumfanyii mtu hisani. Picha ile ina mpigaji, aliyepanda boti na kusimama juani mpaka akaipata, na hakuulizwa. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na COSOZA ndiyo ofisi inayoisimamia, kwa hiyo hili si suala la adabu peke yake. Simu yako inapiga picha nzuri za kutosha. Picha yako ya jamvi la karafuu uani kwa bibi yako, hata ikiwa imepinda kidogo, haipo kwengine popote.

Ndugu wa kunakili ni kurefusha. Watu wamesikia kwamba makala ndefu hupendwa, basi makala ya karafuu inaanza na "karafuu ni zao muhimu sana duniani", inaendelea na "tangu zamani za kale binadamu amekuwa akitumia viungo", na msomaji anafika aya ya sita hajapata jawabu ya swali lililomleta. Sasa akili mnemba inaweza kukutolea makala arubaini za namna hiyo kabla ya adhana ya alasiri, na wapo wanaofanya hivyo kila siku. Machi 2024 Google iliandika katika kanuni zake kwamba kuzalisha kurasa kwa wingi kwa ajili ya kupanda juu tu katika utafutaji, ziwe zimetungwa na mashine au na watu, ni hila inayoadhibiwa. Lakini hata bila ya Google, wewe ni mtoto wa mashamba. Unajua kwamba makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yana mafuta yake na bei yake, ila anayeyachanganya na karafuu ili gunia lipate uzito hugundulika pale pale kwenye kituo cha kununulia karafuu, mtu anapotia mkono ndani na kuutoa.

Tazama tofauti yenyewe. Mtu anaweza kuandika kwamba "karafuu hukaushwa kwa uangalifu mkubwa ili kuhifadhi ubora wake", na hajasema kitu. Wewe unaweza kuandika kwamba karafuu mbichi kilo tatu hutoa takriban kilo moja kavu, kwamba jua likiwa zuri huchukua siku tatu mpaka tano juu ya jamvi, kwamba mvua ya vuli ikizinyemelea mchana watoto wote wa nyumba hukimbilia kuyakunja majamvi, na kwamba bibi hupima ukavu kwa kuivunja moja kwa vidole: iliyokauka hukatika, isiyokauka hujipinda. Maelezo hayo yanatosha aya moja. Yaache yawe aya moja.

Sasa vichwa vya habari. Kila mwaka, kabla ya NECTA kutangaza matokeo ya kidato cha nne, hutokea kurasa zenye maneno "Matokeo haya hapa". Mzazi aliyenunua bando la mwisho la mwezi anabofya, anakuta matangazo matatu na sentensi isemayo kwamba matokeo yatatoka hivi karibuni. Huo ni wizi, mpwa wangu, ingawa hakuna mahakama itakayoushughulikia. Vivyo hivyo nafasi za kazi zilizokwisha muda na tarehe yake ikabadilishwa ili zionekane mpya, na mabaya zaidi, tanzia za watu walio hai.

Kwa Pemba kuna mtego wa peke yake, nao ni uchawi. Wageni wamezoea kukisimulia kisiwa hicho kwa uchawi kabla ya kukisimulia kwa lolote jengine, na ukiandika "Siri nzito za waganga wa Pemba" utapata wageni kweli kweli, tena wa bure. Watasoma kwa kicheko au kwa khofu, watapeleka kwa wenzao, kisha wataondoka. Hakuna hata mmoja wao atakayerudi kusoma juu ya mikoko au mashua. Watakaobaki ni watu wa kijijini, ambao watamtambua mzee uliyemtaja kwa mafumbo hata kama jina lake umelificha, na kumtilia mzee shaka ya uchawi ni kumweka pabaya. Uganga ni somo halali la kuandikwa, na wapo wataalamu walioliandika kwa heshima. Sikukatazi somo, nakukataza kuligeuza chambo.

Mambo mengine ni ya kiufundi na nitayapitia mbio. Picha ya simu huweza kufika megabaiti nne au tano, na makala yenye picha kumi za hivyo inamla msomaji wa Konde bando lake lote kabla hajaona aya ya pili. Zipunguze ziwe chini ya kilobaiti mia mbili kila moja, na kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti. Vidirisha vinavyoruka usoni kumwomba mtu ajiandikishe kabla hajasoma hata neno, na video zinazojicheza zenyewe, viondoe. Maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe, yaliyojaa neno "Pemba" mara mia ili mashine ivutike, ni ujanja wa kizamani ambao mashine imekwisha kuujua. Hata ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa, ambayo bado watu wanauziana kozi zake, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo yake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa mimi nawapinga kidogo, kwa sababu mtandaoni hata chema huhitaji kuonyeshwa mlango. Kupeleka makala katika kundi la WhatsApp si kosa. Kosa ni kuipeleka ile ile mara tatu kwa siku katika makundi yote, likiwamo lile lililofunguliwa kwa ajili ya michango ya maziko. Makala ya mchezo wa ng'ombe ipeleke kwa watu wanaoupenda mchezo huo, mara moja, na uwaombe wakurekebishe palipo na kosa. Wapemba hawajui kunyamaza wanapoona kosa juu ya kwao. Watakujibu, na majibu yao ndiyo makala yako inayofuata.

Upande wa sheria, usitegemee maneno ya barazani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitungwa mwaka 2018, zikiwa na ada iliyowashtua wanablogu wengi, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wenyewe ni nini kinachokuhusu leo, na jawabu uipate kwa maandishi.

La mwisho ni kuhusu ahadi uliyoiweka ukurasani, ya makala mpya kila siku. Ifute. Wewe una masomo, na msimu wa karafuu ukifika utakuwa shambani kama wenzako. Mwandishi aliyejifunga kwa ahadi hiyo ndiye ambaye usiku wa saa nne, akiwa hana la kusema, huenda kunakili. Andika moja kila wiki mbili, na zile za zamani zirudie kuzisahihisha chini ya anwani zile zile, kwa sababu ukibadilisha anwani, viungo vyote vilivyowekwa na watu vinakatika. Ukishamaliza ile ya kiwanda cha makonyo cha Wawi niletee niisome kabla hujaitoa, na uniandikie humo ndani majina ya mitambo kama wafanyakazi wenyewe wanavyoiita.

Nisalimie bibi na wote wa nyumbani.

Mjomba wako,
Unguja