Mchungaji, usimwambie mgonjwa atupe vidonge

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Watu walewale nawaona huku na kule.

Kila ukipita mkesha mkubwa wa maombi, wagonjwa wangu wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hupungua kliniki. Wameambiwa wamefunguliwa, na kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla mtu hajaona nafuu, ilhali kichefuchefu huweza kuanza siku za mwanzo tu. Hapo ndipo neno la mhubiri humnasa. Akiacha ghafla, hurudi kwangu na kizunguzungu, hapati usingizi, tena amejiaminisha kwamba hata Mungu kamchoka.

Sisemi maombi hayafai. Mgonjwa akitaka, naomba naye. Ila tusome vizuri 1 Wafalme 19. Nabii Eliya yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumtafutia dhambi. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Akala, akanywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Waislamu nao wana hadithi ya Mtume kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake.

Yupo mchungaji mmoja ninayemvulia kofia. Alimleta mama aliyetoka kujifungua, akasubiri naye kwenye benchi, kichanga kikimlalia begani na kumchafua koti. Daktari alipomaliza, mchungaji akatoa shajara, akaandika tarehe ya kurudi. Humpigia simu asubuhi: "Umekula? Umemeza?" Madhabahuni hajamtaja hata siku moja. Hizi shuhuda za kulazimishana, kwa kweli, zinatuharibia kazi: siri ya mmoja ikisikika kwenye kipaza sauti, wengine wote hufunga midomo.

Vyuo vinavyoandaa wachungaji, mapadri na maimamu viwafundishe pia kuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali litampa mtu wazo. Halimpi; mara nyingi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyemuuliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yafanyike njiani.

Muuguzi na mzee wa kanisa