Nani anaamua kipi ni taka na kipi ni bidhaa?

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuandika, ila ile habari yenu ya biashara ya taka za kielektroniki imenishinda. Mwandishi wenu kafurahi kweli kweli kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi moja hadi nyingine, unataka nchi inayopokea itoe ridhaa kwanza kabla ya taka yoyote ya kielektroniki kusafirishwa, iwe ya sumu au isiyo ya sumu. Sawa, ni kweli. Mbona hakuuliza nani anaamua kipi ni taka? Mchezo wote uko hapo. Kwenye karatasi ukiandika taka unasubiri ridhaa, ukiandika vifaa vilivyotumika unapakia meli.

Mimi nilinunua laptopu ya mtumba ina stika kabisa, "imepimwa, inafanya kazi". Kufika nyumbani haiwaki. Fundi kaifungua mbele yangu, betri imevimba hadi imeinua kibodi, mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ina ukungu wa kijani pale pa kuchomeka ram, na diski haipo, wameshaing'oa limebaki tundu. Sasa hiyo aliipima nani, na aliipima kwa kitu gani, kwa macho? Fundi akacheka tu akanionyesha rundo lake kule pembeni, nyingine stika bado zinang'aa. Kumrudia muuzaji ananiambia yeye ananunua kwa mafungu hachagui, kwa hiyo aliyeuza huko ng'ambo kakwepa gharama ya kuchakata na bado akalipwa, yaani taka yake nimeinunua mimi kwa hela yangu, na mwisho wake kuna kijana ataichoma nyaya apate shaba, moshi wa plastiki na vumbi la risasi avute yeye na majirani zake, halafu kwenye vitabu vya ile nchi ilikotoka inasomeka wameuza bidhaa nje, kwao kusafi, na kwenye mikutano ndio wa kwanza kutufundisha mazingira! Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi na hata robo haikuthibitishwa kwamba imechakatwa inavyotakiwa. Zilizobaki zimepaa mbinguni? Marekani yenyewe ilisaini huo mkataba 1990 na mpaka leo haijauridhia, hilo nalo hamkuandika.

Na hawa watengenezaji wanaobandika betri kwa gundi mbona hawaguswi? Betri ikichoka unaambiwa nunua simu nyingine. Umoja wa Ulaya umetunga sheria kwamba kuanzia 2027 mtumiaji aweze kutoa betri mwenyewe, hongera zao, ila yale mazagazaga yote ya gundi yaliyojaa madukani kwao nadhani tunajua yatapandishwa meli ya kwenda wapi na yataandikwa nini.

Napendekeza hivi. Mkutano ujao wa nchi wanachama wa Basel, wajumbe wote pamoja na wakalimani wagawiwe laptopu kutoka kwenye kontena moja la "inafanya kazi", bila kuchagua, na maazimio yaandikwe humo humo. Waliosaini zile karatasi za upimaji wakae mbele kabisa. Chaja wajitafutie.

Msomaji wenu wa siku nyingi