Kwa Shangazi yangu aliyeko Pemba: kuhusu chai wanayoiita ya Krismasi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote walioko nyumbani. Wiki iliyopita uliniuliza kwa simu hiyo chai ya sikukuu ninayokusimulia ina nini ndani yake hata iuzwe mwezi mmoja tu kwa mwaka. Nilikujibu kwa haraka kwamba ni chai yenye viungo, nawe ukanyamaza kidogo, kisha ukasema kwamba chai yenye viungo unaipika kila siku ya Mungu. Jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia kwa urefu, na nimeiweka barua hii mahali ambapo wengine pia wataisoma, kwa kuwa naamini wako wengi wanaochuma na kuanika karafuu maisha yao yote bila kupata nafasi ya kujua huku zinakofika hunywewaje na huitwaje.

Nianze na tukio lililonizindua. Hapa Toronto huenda kazini na chupa ya chai niliyoipika kama ulivyonifundisha: maziwa, majani, iliki zilizopondwa, kipande cha mdalasini, tangawizi, na karafuu mbili, wala si tatu. Siku moja ya mwezi Juni, jua likiwaka na watu wamevaa nguo nyepesi, niliifungua chupa hiyo mezani, na mfanyakazi mwenzangu akainua kichwa akasema kwamba ananusa Krismasi. Alisema kwa dhati kabisa, na uso wake ulionyesha kwamba amekumbuka nyumbani kwao. Mimi harufu ile ilikuwa imenipeleka uani kwako, kwenye majamvi yaliyotandikwa karafuu zikianza kubadilika kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia, na sisi watoto tumekaa kivulini tukichambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Harufu ni moja, lakini kwake ina tarehe, na kwangu haina.

Baadaye nilitaka kuelewa kwa nini iwe hivyo. Ulaya ya karne zilizopita ilipata karafuu, mdalasini, tangawizi na kungumanga kutoka mbali sana, kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuimudu kila siku, na kwa hiyo viungo hivyo vikawa vitu vya kuwekewa siku kubwa. Na katika majira ya baridi siku kubwa kuliko zote ni Krismasi. Wajerumani wa Nürnberg waliviweka katika mikate yao ya asali, wengine walivichemsha pamoja na mvinyo, na katika nyumba nyingi walichukua chungwa zima, wakalichomeka karafuu pande zote, kisha wakalitundika ili chumba kinukie. Wafaransa hata leo huiita karafuu kwa jina la msumari, na ukiliona chungwa lile utaona jina hilo linavyofaa. Machungwa ya kusini mwa Ulaya huiva katika miezi hiyo hiyo ya baridi, na ndivyo chungwa na karafuu vilivyofungamana mpaka pua ya mtu wa huku haiwezi tena kuvitenganisha. Karafuu za enzi hizo zilitoka visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Kwetu mikarafuu ilifika mwanzoni mwa karne ya 19, na kisa cha kimbunga cha mwaka 1872, kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ibebe sehemu kubwa ya biashara, nilikisikia kwako kabla sijakisoma kitabuni.

Kuileta ladha hiyo ndani ya chai ni jambo ambalo huku Amerika ya Kaskazini lilienea kutokana na kazi ya mwanamke mmoja wa New York, Ruth Campbell Bigelow, ambaye mwaka 1945 alichanganya majani meusi ya chai na ganda la chungwa na viungo vitamu, akauita mchanganyiko wake Constant Comment. Haukupewa jina la sikukuu yoyote na unauzwa mwaka mzima hadi leo, lakini ukiunywa utatambua kwamba ni ndugu wa damu wa chai zote zinazopangwa madukani Desemba zikiwa na picha za theluji na misonobari.

Sasa nikueleze nilivyozionja. Wakristo wa huku huhesabu siku za Majilio, yaani zile zinazotangulia Krismasi, kwa kalenda yenye vidirisha 24, desturi iliyotoka Ujerumani, ambapo kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba mtoto hufungua kimoja na kukuta picha au peremende. Wauza chai nao wameichukua desturi hiyo: hutengeneza sanduku lenye vijaluba 24, kila kimoja na chai yake. Nilinunua sanduku moja, na kila jioni baada ya jua kuzama, ambalo hapa mwezi huo huzama kama saa kumi na dakika 40, nilionja chai moja pamoja na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama aliyezaliwa na kukulia katika mji huu. Nilitaka pua mbili, moja ya kwetu na moja ya kwao.

Niliazima utaratibu wa waonjaji wa chai wa Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Wao huonja chai ya rangi, bila maziwa wala sukari, wakiivuta kutoka kwenye kijiko kwa sauti kubwa ili iingie pamoja na hewa na kuenea mdomo mzima. Wewe ungetuonya kwamba kunywa kwa sauti ni utovu wa adabu, lakini nakuhakikishia kwamba ladha husikika mara mbili. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, na kusubiri dakika 6. Nilikishika kipimo cha majani, nikaziacha dakika. Katika dakika 6 karafuu huyafunika majani, kisha hutia ganzi ncha ya ulimi, kwa sababu ya ile kemikali iitwayo yujenoli iliyo ndani ya mafuta yake, ambayo ndiyo pia hutuliza jino ulipotuwekea karafuu tukilia usiku. Dakika 4 zilitosha kwa karibu chai zote nyeusi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuyaangalia majani makavu kabla ya kumimina maji. Katika baadhi ya vijaluba karafuu ilionekana kwa macho, nzima au imevunjwa vipande, pamoja na vijiti vya mdalasini na vipande vya ganda la chungwa. Ukiibinya karafuu kwa ukucha, mafuta yanatoka. Katika vingine hapakuwa na kiungo hata kimoja, ila majani matupu, na hata hivyo harufu ilijaa jikoni mara tu kifuniko kilipoinuka. Majani ya chai ni mepesi mno kushika harufu, jambo unalolijua vyema maana hukuwa ukituruhusu kuyaweka karibu na vitunguu. Wachina wa mkoa wa Fujian huitumia tabia hiyo kwa uungwana: huyalaza majani usiku kucha pamoja na maua mabichi ya asumini, kama unavyoyalaza maua hayo katikati ya nguo zako za kutokea. Kiwandani kazi hufanywa kwa njia fupi, ambapo majani huzungushwa ndani ya pipa huku yakinyunyiziwa mafuta ya ladha. Sisemi kwamba kila chai ya namna hiyo ni mbaya. Nasema tu kwamba nyingi kati ya hizo hunukia kuliko zinavyonyweka: pua inaahidiwa keki ya lozi, mdomo unapata maji yenye rangi, na ukifika nusu ya kikombe hakuna kilichobaki isipokuwa harufu iliyoganda juu ya midomo.

Iliyonishinda nguvu, na ambayo ningependa sana uionje, ilikuwa kijaluba cha siku ya tisa. Ilikuwa chai nyeusi ya Sri Lanka yenye ganda la chungwa, mdalasini na karafuu za kuonekana, basi. Mkupuo wa kwanza ulileta chungwa, lakini chungwa la ganda, lenye uchungu mdogo kama ule unaobaki vidoleni baada ya kulimenya. Kisha mdalasini ukaja na utamu usio wa sukari. Karafuu ilichelewa. Ilikuja baada ya kumeza, kutoka nyuma ya koo, ikapanda puani, ikakaa pale kwa muda mrefu kiasi kwamba tuliviweka vikombe chini wote wawili na kunyamaza. Jirani yangu alisema hii ndiyo jikoni ya bibi yake. Mimi sikuweza kusema kitu kwa wakati ule, na nilipoweza nilimweleza habari za ua wako, na za malipo yanayohesabiwa kwa pishi, na za watu wanaopanda mkarafuu mrefu kuchuma matumba kabla ua halijafunguka, kwa sababu likishafunguka thamani yake imekwenda. Hakuwa amejua kamwe kwamba karafuu ni ua.

Mdalasini wao ni jambo ambalo ungelibishia. Mwingi unaouzwa Amerika ya Kaskazini ni wa aina iitwayo kasia, wenye gome nene na gumu lililojikunja mara moja, na ladha kali inayochoma kidogo. Ule wa mti ulio nyuma ya nyumba yako una gome jembamba linalovunjika kwa mkono. Kasia ikiwa nyingi humkaba koo mnywaji na kuificha karafuu, na hilo liliharibu chai nne au tano ambazo vinginevyo zingekuwa nzuri.

Nyingine nitazipita upesi. Chai ya kijani yenye nanaa, ambayo hufuata ladha ya zile pipi za fimbo zenye mistari myekundu na myeupe, ni nzuri baada ya chakula kizito, ila haitaki maji yanayochemka. Ukiyaacha yapoe mpaka kama nyuzi 80, uchungu hauji. Roibosi yenye vanila inafaa watoto na wazee usiku, kwa kuwa mmea huo wa milima ya Cederberg kule Afrika Kusini si chai halisi na hauna kafeini. Zilikuwapo pia chai nyekundu za rosela, ile ambayo Bara wengi huiita choya, zikiwa na tufaha na mdalasini. Moja niliitia maziwa kwa mazoea, yakakatika papo hapo, kwa sababu rosela ina asidi nyingi. Usiitie maziwa. Na ilikuwapo moja ya shayiri iliyokaangwa iliyokusudiwa kufanana na biskuti, ambayo jirani yangu aliipenda na mimi niliona ni heri kula biskuti.

Liko jambo moja lililoniuma, nalo ndilo hasa nililotaka ulijue. Katika vijaluba vile, vanila ilitajwa kwamba imetoka Madagaska, na majani yalitajwa kwamba yametoka Assam ya India au Sri Lanka. Karafuu iliandikwa karafuu tu, mahali pote ilipokuwamo. Kiungo kinachowafanya watu hawa wakumbuke bibi zao, ambacho bila yake chai hiyo isingeitwa ya sikukuu, ndicho pekee kisicho na kwao. Niliwaandikia wauzaji kuwauliza, wakanijibu kwa adabu kwamba viungo vyao hutoka sehemu zaidi ya moja. Nalielewa jibu hilo kibiashara, na Indonesia inazalisha karafuu nyingi kuliko sisi, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba nilikunywa za shambani kwako. Hata hivyo nitaendelea kuuliza kila Desemba, kwa kila muuzaji, mpaka mmoja wao aandike jina la kisiwa.

Nimempa binamu anayesafiri mwezi ujao pakiti tatu: ile ya siku ya tisa, ya roibosi, na moja ya harufu ya kunyunyiziwa ili uone tofauti kwa pua yako. Tafadhali usizipike motoni pamoja na maziwa kama chai yetu. Weka vijiko viwili katika buli, mimina maji yanayochemka, funika kwa dakika 4, kisha mnywe kikombe cha kwanza hivyo hivyo, bila sukari. Kikombe cha pili mtie maziwa mkipenda, na mle kwa mkate wa kumimina, kwa maana ile ya chungwa na karafuu inauhitaji. Waite wenzako wa barazani, hasa yule bibi wa nyumba ya pili anayeweza kuinusa karafuu na kukuambia kama ilianikwa juani au ilipata mvua, na uniandikie kila mmoja amesema nini, kwa maneno yake mwenyewe.

Na wewe unifungie karafuu za msimu huu, kiganja kimoja tu, zilizokauka vizuri. Nimenunua majani ya Kericho na machungwa, na maganda nimeshayaanika karibu na dirisha. Desemba ijayo nataka kumpelekea jirani yangu pakiti niliyoichanganya kwa mkono wangu, na juu yake niandike Pemba.

Mwanao akupendaye,
Toronto