Moodle si kabati la notisi

Ndugu Mhariri,

Vyuo vyetu kadhaa vina Moodle, programu ya bure ya kufundishia mtandaoni iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Inasikitisha kuona wengi wetu tunapandisha humo slaidi tu, mwanafunzi anazipakua, basi.

Mimi nafundisha takwimu. Muhula uliopita nilikata kila somo vipande vifupi, na mwisho wa kila kipande nikaweka maswali matatu yanayojisahihisha. Mwanafunzi akikosea anaonyeshwa papo hapo alipoteleza, kisha anarudia.

Asubuhi moja kabla ya kipindi nilifungua ripoti ya majibu yao humo Moodle, nikakuta zaidi ya nusu ya darasa wamekwama swali lilelile: wanachanganya wastani na namba ya kati, ile inayokaa katikati ukizipanga namba kwa ukubwa. Zamani ningeligundua hilo nikisahihisha mtihani, maji yameshamwagika. Siku hiyo niliweka mhadhara pembeni, tukaandika ubaoni mishahara ya watu watano, mmoja wao bosi. Wakaona wenyewe jinsi mshahara wa bosi unavyouvuta wastani juu, na namba ya kati haitikisiki. Aliyewaeleza wenzake ni binti wa kiti cha nyuma, ambaye sikuwahi kumwona akinyoosha mkono.

Bando ni tatizo kweli, hivyo video naziepuka. Maandishi na michoro midogo inatosha.

Nawaomba wakuu wa vyuo watupe muda wa kuandaa masomo haya, maana maswali mazuri hayatungwi kwa usiku mmoja. Na ripoti hizo zisigeuzwe fimbo ya kuwachapia wanafunzi.

Mhadhiri,
Morogoro