Kwa wanangu mnaotubeba hadi kwenye mashine

Marahaba, wanangu mnaouguza wagonjwa wa figo hapa Tanga. Juzi kwenye ukumbi wetu wa mashine za kusafisha damu nilinyamaza kwa heshima tu, leo sinyamazi.

Jirani yangu wa kiti ni fundi muashi wa Ngamiani, mtu wa kupiga baiskeli hadi Pongwe na zana zake mgongoni. Alipoanza kusafishwa damu aliingia kwa miguu yake. Wanawe wakamhurumia. Dukani asiende, msikitini asiende, hata maji ya kuoga akawekewa mlangoni. Leo anashushwa kwenye bajaji kama gunia la nazi. Na juzi mwanawe mkubwa, karatasi ya vipimo mkononi, anautangazia ukumbi mzima: "Kreatinini ya baba imeshuka!"

Mwanangu, kreatinini ni taka ya damuni inayotoka kwenye misuli. Mashine ni ileile, saa ni zilezile. Basi ikishuka, huenda ni misuli ya baba yako inayokwisha. Wala mizani isikuhadae: nyama ikiondoka maji hukaa mahali pake, kilo zikabaki vilevile. Mtazame mapaja. Mtazame anavyoinuka kitini.

Nani kawaambia mgonjwa wa figo kazi yake ni kulala? Kwenye mashine tunalala saa nne mfululizo, mara tatu kwa wiki. Hiyo haiwatoshi? Siku nyingine mwacheni atembee hadi kibarazani kwa jirani, kesho avuke mtaa. Ainuke kitini bila kushika popote, akae, ainuke tena, nanyi mkae karibu asianguke. Hata kwenye mashine miguu inafanya kazi: nchi za wenzetu mgonjwa huwekewa pedali mbele ya kiti, akanyage katika saa mbili za mwanzo, kabla presha haijaanza kushuka, mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioungwa wa kuchomwa sindano za mashine, umetulia. Tanga hii ya baiskeli tukose pedali! Fedha za mashine zilipatikana, ila mtu wa mazoezi tiba hapiti ukumbini kwetu, na wa lishe tunamwona siku wakija wageni wakubwa.

Tuje kwenye chakula. Kabla ya mashine daktari alitwambia tupunguze nyama, samaki na maharage, na alisema kweli. Ukishaanza mashine hesabu inageuka. Kila tunaposafishwa, gramu 6 hadi 12 hivi za amino asidi, yaani vijenzi vya protini, zinaondoka na uchafu. Kwa siku tunahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai lina kama gramu 6, samaki aliyepikwa wa gramu 100 ana kama 20. Sasa nyinyi nguru mnawapa wajukuu, bibi mnampa mchuzi, eti figo! Huo mchuzi ndio wenye maji na chumvi anavyokatazwa.

Mengine nayataja tu. Madafu yana potasiamu nyingi, nayo ikizidi husimamisha moyo. Dagaa wakavu na miiba yao, soda nyeusi: hivyo vina fosforasi, nayo pia tunakatazwa kuizidisha. Aliyekosa siku ya mashine, aliyejaa maji au anayeumwa kifua asifanye mazoezi mpaka daktari amwone.

Na wewe kijana uliyemnunulia mama yako kopo la unga wa wanyanyua vyuma, nia yako naiona. Kirutubisho humfaa asiyeweza kula akatosheka, lakini misuli iliyolazwa kutwa haijengwi na kopo. Tena usimkorogee jagi zima, maji yake yamepimwa. Usilifungue kwanza. Lije siku ya mashine, tumkamate daktari asome ubavuni potasiamu na fosforasi zimo kiasi gani. Mama alibebe mwenyewe, si zito.